Neno la Kiingereza, Kwenu ni Wapi?

Ingia duka lolote la vyakula pale Makiso, katikati ya Kisangani, uchukue kopo la juisi ya maembe lililosafiri kutoka mbali. Ligeuze nyuma. Huenda ukakuta maandishi madogo ya Kiingereza: “no preservatives”. Mtu aliyesomeshwa kwa Kifaransa, ambaye kwake “préservatif” ni kondomu basi, atasoma pale kwamba kiwanda kinamhakikishia hakuna kondomu ndani ya juisi. Atashangaa kwa nini jambo hilo lilihitaji kuandikwa. Mwenye kiwanda alitaka kusema tu kwamba hakutia dawa ya kuzuia kinywaji kisiharibike.

Mwongozo huu ni wa msomaji wa namna hiyo: una Kifaransa cha shule, Kiswahili cha Kisangani, Kilingala cha mtoni, pengine na Kilokele au Kitopoke cha kwa babu, na sasa unataka Kiingereza. Sababu unayo. Congo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na karatasi za makao yake Arusha huandikwa Kiingereza. Wengi huanza kwa kukariri orodha: maneno ishirini usiku, asubuhi yamebaki matano. Mimi nakushauri njia nyingine. Kila neno unalokutana nalo liulize kwenu ni wapi, kama tunavyomwuliza mgeni aliyeshuka masuani. Majibu yatakuonyesha mambo mawili. Kwanza, maneno mengi ya Kiingereza ni ndugu wa damu wa Kifaransa unachokijua tayari. Pili, ile hadithi tamu kuliko zote kuhusu asili ya neno, mara nyingi ndiyo ya uongo.

Anza na kilichomo mdomoni mwako

Kabla hujanunua kitabu, hesabu Kiingereza ulicho nacho. Gari kwa Kilingala ni motuka, na Kisangani tunalisema hivyo hata katikati ya Kiswahili: hilo ni “motor-car”. Kitabu ni buku, yaani “book”. Maziwa ni miliki, yaani “milk”. Utauliza Kiingereza kilipitia wapi ikiwa mkoloni wetu alikuwa Mbelgiji. Njia mojawapo ilikuwa misheni. Wabatisti wa Uingereza walikuwa wametulia Bolobo tangu mwaka 1888, wakapanda mto hadi Yakusu, hapa mlangoni mwa Kisangani, katika miaka ya 1890, na George Grenfell wao alifia Basoko mwaka 1906. Walikuja na shule na vitabu, na aletaye kitu huja na jina lake.

Sokoni pia kimo. Mama wa vitenge anayekuapia kwamba hii ni waksi ya kweli ya Hollande ametamka “wax”, neno lenye maana ya nta na si zaidi. Nta au utomvu hupakwa kitambaani ili rangi isiingie pale palipofunikwa, ndipo maua yanapatikana. Ukishalijua hilo, umepata na neno la taka za masikio, maana Mwingereza huziita “wax” vilevile. Usimwambie mama kabla hajakupunguzia bei.

Na sabuni ya Sunlight? Ni “mwanga wa jua”. Mwenye kuitengeneza, William Lever, alipewa na Wabelgiji mashamba makubwa ya michikichi mwaka 1911. Moja liliitwa Elisabetha, leo Lokutu, na ardhi yake inafika mpaka Yahuma. Wazee waliopanda michikichi kukata ngazi walikuwa wakifanyia kazi neno la Kiingereza ambalo hawakuhitaji kulielewa.

Mwaka wa kuandika kwenye jalada la daftari: 1066

Huo ndio mwaka mtawala wa Normandy, Guillaume, aliyekuwa akisema Kifaransa, alivuka bahari na kuwashinda Waingereza pale Hastings. Kwa vizazi kadhaa baadaye mfalme, mahakimu na mabwana wa ardhi walisema Kifaransa, na wakulima wakabaki na lugha yao. Ndiyo maana ng'ombe akiwa malishoni ni “cow”, na akifika sahanini ni “beef”, yaani bœuf. Nguruwe aliye hai ni “pig”, mezani ni “pork”. Kondoo ni “sheep”, nyama yake ni “mutton”, ambaye ni mouton wa kawaida tu. Mwandishi Walter Scott aliutumia mfano huu kwenye riwaya yake Ivanhoe ya mwaka 1819, na tangu hapo kila mwalimu wa Kiingereza anaupenda. Mtu wa mkoa wetu wa Tshopo haumsumbui hata kidogo: bei ya samaki tunabishana kwa Kiswahili au Kilingala, lakini karatasi ya kodi ya samaki yuleyule inaandikwa Kifaransa.

Usiumeze mzima, lakini. Waingereza waliendelea kumwita hata ng'ombe aliye hai “beef” kwa karne nyingi, na mpaka kati ya zizi na sahani ulinyooka polepole. Tofauti ni ya kweli, picha yake tu imesafishwa mno.

Kutoka hapo unapata kanuni ya kufanyia kazi. Neno likiwa refu, likiwa la ofisini, mahakamani, jeshini au jikoni kwa tajiri, lijaribu kwanza kwa Kifaransa. Mengi yanayoishia na “-tion”, “-ment”, “-able” na “-ity” yana ndugu yake Paris, na kazi yako ni kurekebisha matamshi. Neno likiwa fupi na la nyumbani, kama mkono, maji, kula, kulala, mvua, hapo Kifaransa hakikusaidii. Yale ni ya wakulima wenyewe. Hayo ndiyo ya kukariri, nayo si mengi.

Ndugu lakini hukosana. Neno moja lilibaki Ufaransa, pacha wake akaolewa ng'ambo, na baada ya miaka 900 kila mmoja ana tabia yake. Kwetu “actuellement” ni sasa hivi, kwao “actually” ni kusema kweli. “Librairie” unanunua kitabu, “library” unaazima na kurudisha. “Déception” ni kuvunjika moyo, na “deception” ni utapeli. Hatari kuliko yote ni “demander”. Kwetu ni kuomba kwa adabu. Kwao “demand” ni kudai huku umegonga meza. Barua ya kuomba kazi inayoanza na “I demand a job” itasomwa kwa sauti ofisi nzima, na wewe hutaitwa.

Chakula cha asubuhi kinacholiwa jioni

Nitakaa kidogo kwenye chakula, kwa sababu hapo maneno yanajionyesha uchi. “Breakfast” ukilikata katikati unapata kuvunja na mfungo. Kiswahili kinasema kifungua kinywa, na futari ya Waislamu, ambayo ni neno la Kiarabu, ina wazo lilelile. Mpaka hapo tumeelewana. Sasa chukua “dinner”, chakula kikubwa cha jioni. Kimetoka katika Kifaransa cha kale, nacho kilikitoa katika kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuacha kufunga. Kwa hiyo Mwingereza anavunja mfungo asubuhi kwa lugha yake, halafu anauvunja tena jioni kwa lugha ya kigeni.

Kifaransa chenyewe hakina haki ya kucheka, maana “déjeuner” na “dîner” zote mbili zimezaliwa na kitenzi hichohicho. Milo ikahama na saa zake. Paris, déjeuner imesogea hadi mchana. Sisi tuliofundishwa na Wabelgiji tumebaki na mpango wa zamani: déjeuner asubuhi, dîner mchana, souper jioni. Mkongomani akialikwa Paris kwa déjeuner anaweza kugonga mlango saa moja asubuhi na kufunguliwa na mtu aliyevaa nguo za kulalia. Uingereza nako si salama: wako watu, hasa kaskazini, ambao “dinner” yao ni ya mchana. Ukialikwa kwa neno hilo, uliza saa. Hakuna kamusi itakayokusaidia zaidi ya swali hilo.

Mkate nao umewatawala Waingereza kuliko wanavyokiri. “Lord”, bwana mkubwa, katika Kiingereza cha kale alikuwa mlinzi wa mkate. “Lady” alikuwa mkandaji wa mkate. Baraza lao la mabwana kule London, lenye mazulia mekundu na mavazi ya manyoya, ni Baraza la Walinzi wa Mikate. Kama Kiingereza kingezaliwa Yahuma, bwana angekuwa mlinzi wa chikwangue na bibi mtwangaji wa lituma, na nadhani heshima isingepungua. Rafiki wa safari, “companion”, ni yule unayekula naye mkate, na copain wako wa Kifaransa ni hivyohivyo.

Neno la kufutia penseli

Kuna maneno ambayo ukiyauliza kwao ni wapi, kicheko kinakauka. “Rubber” limetokana na “rub”, kusugua. Mwaka 1770 mwanasayansi Joseph Priestley aliandika habari za kitu kipya kilichouzwa London, ambacho ukikisugua juu ya karatasi kinafuta alama za penseli vizuri ajabu. Hicho tu. Kitu cha kusugulia. Wafaransa walichukua “caoutchouc” kutoka kwa wenyeji wa Amerika ya Kusini, Waingereza wakatosheka na kazi ya mezani.

Mwaka 1888 John Boyd Dunlop akatengeneza tairi la kujazwa upepo, na dunia ikataka mpira mwingi kupita kawaida. Mpira ulikuwa kwenye mitambaazi ya msitu wetu. Makampuni ya mfalme Léopold II wa Ubelgiji yaliufuata huko: vijiji vikapangiwa kilo, wanawake wakashikwa rehani mpaka waume walete, na mikono ikakatwa. Balozi mdogo wa Uingereza, Roger Casement, alipanda mto mwaka 1903, na ripoti yake ikatoka mwaka 1904. E. D. Morel akaandika kitabu mwaka 1906, akakiita mpira mwekundu. Mwaka 1908 Léopold akanyang'anywa Congo, ikawa ya serikali ya Ubelgiji. Mtoto wa shule London alikuwa bado anakiita kitu hicho kifutio.

Kilingala kinasema ndembo. Ni jina la utomvu ule, na leo ndilo jina la mpira wa miguu. Vijana wakienda kupiga ndembo jioni wanalitamka bila uzito wowote, na sioni sababu ya kuwaharibia mchezo. Lakini kwenye daftari lako, mbele ya neno hili, andika miaka hiyo yote.

Jinsi ya kuishika hadithi ya uongo

Utakutana na mjomba, au mwalimu, au mtu kwenye simu, atakayekueleza asili ya neno kwa uhakika mkubwa. Msikilize, kisha mpime. Chukua “salary”, mshahara, ndugu wa salaire. Hadithi inasema askari wa Roma walilipwa chumvi. Neno la Kilatini lina chumvi ndani yake kweli, hilo halina ubishi. Ila hakuna maandishi ya Warumi yanayosema askari alipokea chumvi mkononi mwisho wa mwezi. Mzizi ni wa kweli, mfuko wa chumvi ni wa kubuni. Neno letu mshahara ni jepesi zaidi kulipima: limetoka katika Kiarabu, ndani yake mna shahr, mwezi. Ni malipo ya kila mwezi. Walimu wa nouvelles unités wanaosubiri kuingizwa kwenye orodha ya malipo wana maoni yao kuhusu neno hili, na sitayaandika hapa.

Hadithi ya kusema neno ni herufi za mwanzo za maneno mengine, ishuku mara moja. Watakuambia “news” ni kaskazini, mashariki, magharibi, kusini. Siyo. Ni “new” iliyowekwa wingi, kama Kifaransa kinavyosema nouvelles. Mtindo wa kutengeneza maneno kwa herufi za mwanzo ulienea karne ya 20. Neno lililokuwepo miaka 500 kabla halikuweza kuusubiri.

Halafu, kwa kukukomesha, kuna neno moja maarufu ambalo ni la herufi za mwanzo kweli. Ni “OK”. Hata mzee asiyejua Kiingereza kabisa, pale kwenye kivuko cha Lubunga, anasema OK. Wako wanaodai limetoka kwa Wahindi Wekundu, wengine wanasema ni hesabu ya askari waliokufa vitani: sifuri. Ukweli una tarehe. Tarehe 23 Machi 1839 gazeti moja la Boston, Boston Morning Post, lilichapisha mzaha. Siku hizo vijana wa mjini walifurahia kufupisha maneno yaliyoandikwa vibaya makusudi, na “all correct” ikaandikwa “oll korrect”, ikawa o.k. Mzaha wenyewe haukuwa na nguvu. Lakini mwaka 1840 rais Martin Van Buren aligombea tena, na kwa kuwa alitoka kijiji cha Kinderhook, wafuasi wake walimwita Mzee wa Kinderhook, herufi zilezile, wakaunda klabu ya OK. Alishindwa uchaguzi. Neno likashinda. Aliyefukua yote haya ni mtaalamu wa lugha Allen Walker Read, katika miaka ya 1960, kwa kusoma magazeti ya zamani moja baada ya jingine. Kwa hiyo kipimo chako kiwe hiki: nani ameliona neno limeandikwa, wapi, mwaka gani? Mjomba akikosa jibu, mnunulie kahawa, daftari ulifunge.

Kwa kuwa tumetaja uchaguzi: “candidate” ni mtu aliyevaa nyeupe. Wagombea wa Roma walizing'arisha nguo zao kwa chaki ili waonekane kwenye umati. “Ambition” ilikuwa huko kuzunguka kwao wakiomba kura. Kampeni za Desemba 2023 zilitupitishia wa kwetu, nao walizunguka sawasawa, wakigawa fulana zenye sura zao. Mzizi uleule wa weupe umezaa “candid”, yaani msema kweli. Hapo nanyamaza.

Yaliyotoka kwetu kwenda kwao

Usidhani biashara ni ya upande mmoja. “Okapi” ni jina walilolitumia watu wa msitu wa Ituri. Harry Johnston alipopeleka ngozi na mafuvu London mwaka 1901, wataalamu walimsajili mnyama kwa jina la kienyeji upande mmoja na jina la Johnston upande wa pili. “Chimpanzee” imetoka katika lugha za Kibantu za pwani ya magharibi. “Bonobo” ni ya aina yake. Nyani huyu anaishi nchini kwetu peke yake, tena ng'ambo ya kushoto ya mto peke yake, huko upande wa Yahuma. Jina lake lilipendekezwa na Wazungu wawili mwaka 1954, na maelezo yanayotolewa sana ni kwamba lilitokana na Bolobo lililoandikwa vibaya kwenye sanduku la kusafirishia wanyama. Lipime kwa kipimo cha mjomba: sanduku lenyewe hakuna anayelionyesha. Liandike kwa penseli.

“Ebola” lina habari iliyo wazi zaidi. Mwaka 1976 ugonjwa ulilipuka Yambuku, katika eneo la Bumba. Watafiti walijua kwamba kirusi kikiitwa Yambuku, kijiji kitabeba laana hiyo daima, kama mji wa Marburg wa Ujerumani unavyoibeba tangu 1967. Wakachukua jina la mto Ebola, ambao kwa Kingbandi ni Legbala. Masikio ya Kizungu yalikuwa yamekwisha kuubadilisha. Waliokutana na mgonjwa wa Ebola hufuatiliwa siku 21, na watu huiita karantini. Neno hilo ni la Kiitalia, arobaini, siku ambazo meli zilisubirishwa bandarini wakati wa tauni. Ukisikia “quarantine” usihesabu arobaini, msikilize muuguzi.

Na “safari” yetu, tuliyoipata kwa Waarabu, Waingereza waliichukua karne ya 19, leo kwao ni kupanda gari lenye paa wazi na kutazama simba. Mama anayetoka Yahuma na magunia yake ya mahindi, akalala siku kadhaa juu ya mashua ya baleinière kuja Kisangani, yuko safarini kwa Kiswahili. Kwa Kiingereza hayuko, labda kama ameona kiboko.

Karibu nisahau watu. Jina la mtu likitumika vya kutosha hugeuka neno. Muuza petroli wa chupa kando ya barabara tunamwita kadhafi, na kijana wa leo anaweza kulisema bila kujua kwamba palikuwa na kanali wa Libya mwenye visima. Kiingereza hufanya vivyo hivyo. “Boycott” alikuwa kapteni, msimamizi wa mashamba Ireland, ambaye mwaka 1880 wakulima walikataa kumfanyia kazi na kumwuzia chochote. “Diesel” alikuwa Rudolf, mhandisi Mjerumani. “Sandwich” alikuwa mwenye cheo, mlinzi wa mkate kamili kwa maana ile ya juu.

Sasa fanya moja mwenyewe

Chukua daftari na neno “canoe”. Tafuta mambo matatu: limetoka lugha gani, lilikuwa na maana gani, liliandikwa lini. Mwenye simu na megabaiti atumie kamusi ya bure ya Online Etymology Dictionary. Asiye nazo aombe kuangalia Petit Robert kwa padri au shuleni, kwani kwenye kila neno la Kifaransa imeandika asili, na kwa maneno marefu ya Kiingereza inatosha. Kisangani kuna wanafunzi wa idara ya Kiingereza pale ISP, chuo cha ualimu, nao kwa soda moja watakuambia hata usichouliza.

Utakachokipata ni hiki. “Canoe” imetoka visiwa vya Karibi, kwa wenyeji waliompokea Columbus mwaka 1492, kupitia Kihispania. “Pirogue” ya Kifaransa imetoka kwa watu wa Karibi vilevile. Kwa hiyo mtumbwi wa Mlokele, uliochongwa Isangi kwa mti wa Isangi, unaitwa na Wazungu wote wawili kwa majina ya visiwa ambavyo Mlokele hajawahi kuviona. Baleinière imezidi: ni mashua ya kuwindia nyangumi, na mto wetu haujawahi kupitisha nyangumi hata mmoja. Endelea na mihogo. “Cassava” ni ya Karibi pia, “manioc” ni ya Brazil, na hapo majina yana haki, kwa sababu mmea wenyewe ulitoka Brazil na Wareno. Mahindi ndiyo kichekesho chetu wenyewe. Yalitoka Amerika, nasi tukayapa jina la India.

Ukishaandika asili, lisikilize neno likitamkwa. Kiswahili kina barabara ya kupitia na barabara yenye maana ya sawasawa, tofauti ni mkazo tu. Kiingereza kimejaa hayo: “record” ukikaza mwanzo ni jina, ukikaza mwisho ni kitendo. Mlokele hapaswi kulalamika. Mmisionari John Carrington, aliyeandika kitabu juu ya ngoma zinazozungumza mwaka 1949, alionyesha kwamba katika Kilokele sentensi moja, ukibadili kupanda na kushuka kwa sauti, inahama kutoka “aliangalia ukingo wa mto” hadi “alimchemsha mama mkwe”. Aliyekua na hatari ya kiwango hicho hawezi kuogopa “record”.

Mwisho, zoea kuandika kwamba asili haijulikani pale kamusi inaposema hivyo. Neno “dog”, mbwa, ambalo mtoto wa Kiingereza hulijua mapema kabisa, ni mojawapo. Lugha nyingine za ukoo huo zina neno jingine la mbwa, na Kiingereza nacho kilikuwa nalo, ni “hound”. Kisha “dog” akatokea kutoka pasipojulikana, akachukua nyumba. Wataalamu wamejadili kwa miaka mingi na hawajakubaliana. Kwenye daftari acha mstari wake wazi, nafasi ya kutosha, maana mjomba atakuja na jibu.